Picha Bila Mazungumzo

Walimu, wakutubi, wazazi, ndugu zangu mnaopenda vitabu na mnaopenda sinema,

Nimeombwa nizungumze juu ya vitabu vya watoto vinapogeuzwa filamu. Ningeweza kupita juu juu nikataja filamu kumi, kila moja na kasoro yake. Nimeamua kukaa na moja tu, kwa sababu ndiyo iliyonivunja moyo kuliko zote: Alice in Wonderland ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Tim Burton na kutolewa na kampuni ya Disney. Kuitazama ni raha tupu, na hapo ndipo penye uchungu wake. Laiti ingekuwa filamu ya kulipua lipua, nisingesimama hapa.

Kitabu chenyewe wengi wenu mnakijua. Aliyekiandika ni Lewis Carroll, jina lake halisi Charles Lutwidge Dodgson, mwalimu wa hisabati katika chuo cha Christ Church huko Oxford, nacho kilichapishwa mwaka 1865. Katika aya ya kwanza kabisa msichana ameketi kando ya dada yake, amechoshwa na kukaa bila la kufanya. Anachungulia kitabu anachosoma dada yake, anaona hakina picha wala mazungumzo, naye anajiuliza kitabu cha namna hiyo kina faida gani. Mara Sungura Mweupe anapita mbio, msichana huyo, Alice, anamfuata shimoni hadi chini ya ardhi, na safari inaanza.

Picha na mazungumzo. Mtoto ametaja vitu viwili, na mwandishi amempa vyote viwili. Filamu ya Burton imetupa picha kwa wingi ambao Carroll hakuweza hata kuuota, na mazungumzo imeyaacha mlangoni. Hilo ndilo nililokuja kulisema leo.

Niruhusuni nianze kwa kuzitendea haki picha, maana zinastahili. Maleba yalibuniwa na Colleen Atwood, na kazi yake katika filamu hii ni somo kwa yeyote anayeshona kwa ajili ya jukwaa. Kila Alice anapopungua au kukua kimo, nguo inakuwa na habari yake: mara gauni limemmeza, mara limembana, mara kashonewa jipya kwa haraka kutokana na chochote kilichopatikana. Kichwa cha Malkia Mwekundu, aliyeigizwa na Helena Bonham Carter, kimekuzwa kwa kompyuta hadi mwili unaonekana kama wa mwanasesere chini yake, na bado mwigizaji hakupotea ndani ya hila hiyo. Unamwona ana hasira, ana wivu, ana upweke. Sehemu kubwa ya dunia ile haikujengwa kwa mbao wala udongo. Waigizaji walisimama mbele ya mapazia ya kijani, na misitu, uyoga na majumba vikaja kuchorwa baadaye na mafundi wa kompyuta. Filamu ilipata Tuzo mbili za Oscar, ya usanifu wa mandhari na ya maleba, na sina ugomvi hata kidogo na waliozitoa. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1 duniani kote. Watu walikwenda kuona, na cha kuona kilikuwepo.

Wala mtu asidhani kwamba Carroll alikuwa mtu wa maneno asiyejali picha. Alimtafuta John Tenniel, mchoraji wa katuni aliyekuwa na jina kubwa katika gazeti la Punch, naye akamchorea picha 42. Kitabu kilipopigwa chapa kwa mara ya kwanza, nakala 2,000, Tenniel hakuridhika na jinsi picha zake zilivyotoka. Carroll alikubali toleo zima liondolewe na kazi ianze upya, na hapo kumbukeni kwamba gharama za uchapishaji alizibeba yeye mwenyewe. Mtu anayefanya hivyo anazijali picha. Tena anazitumia kwa akili. Anapofika kwenye yule mnyama mwenye kichwa na mabawa ya tai na mwili wa simba, Gryphon, hahangaiki kumweleza. Anamwambia msomaji tu kwamba kama hamjui Gryphon, aangalie picha. Halafu anarudi kwenye maneno, ambako ndiko kazi yake iliko.

Kuna kisa kingine ambacho sikiachi kipite. Kitabu cha pili, Through the Looking-Glass, kilikuwa tayari kutoka mwishoni mwa 1871, na Tenniel alikuwa amechora joka la kutisha, Jabberwock, lenye shingo ndefu, makucha na meno ya mbele yaliyochomoza. Mpango ulikuwa kuiweka picha hiyo mwanzoni kabisa mwa kitabu, ikutane na msomaji kabla ya neno la kwanza. Carroll akaingiwa na wasiwasi. Aliwaandikia akina mama wapatao 30, akaambatanisha picha, akauliza wanaonaje: ibaki pale, ihamishwe ndani, au iondolewe? Mwishowe ilihamishiwa ndani, kwenye shairi linalolihusu joka hilo, na mahali pake pakawekwa picha ya mpanda farasi mzee, mpole, anayeanguka anguka kutoka juu ya farasi wake.

Fikirini jambo hilo. Mwandishi alikuwa na picha moja yenye nguvu kupita zote, akapima, akaona inaweza kuimeza hadithi, akaisogeza. Miaka 139 baadaye wakaja watengeneza filamu, wakaichukua picha ileile, wakaifanya kuwa kilele cha kila kitu. Filamu nzima inatembea kuelekea kwenye joka. Kila mhusika anamkumbusha Alice kwamba siku ya joka inakuja. Kilichokuwa shairi moja fupi ndani ya kitabu cha pili, shairi ambalo Alice analisoma kwa kioo kisha anakiri kwamba hakulielewa vizuri, ndicho kimekuwa uti wa mgongo.

Sasa tuje kwenye mazungumzo.

Hadithi hii ilizaliwa kwa mdomo. Tarehe 4 Julai 1862 Dodgson na rafiki yake Robinson Duckworth walipiga makasia kutoka Oxford hadi Godstow, na ndani ya mashua walikuwa na watoto watatu wa mkuu wa chuo, Lorina, Alice na Edith Liddell. Alice alikuwa na miaka 10. Watoto walitaka hadithi, naye akawatungia palepale. Shairi linalofungua kitabu linatusimulia mambo yalivyokwenda: mmoja anaamuru hadithi ianze, wa pili anaomba iwe na upuuzi ndani yake, na wa tatu anamkatiza msimulizi, japo si zaidi ya mara moja kwa dakika. Hao ndio wasikilizaji wa kwanza. Wanaamuru, wanadai upuuzi, wanakatiza. Na kitabu kilichotoka kwao kimejaa tabia hiyohiyo, kwa sababu Alice wa ndani ya kitabu naye anakatiza, anadai, anabisha.

Chukueni karamu ya chai. Alice anakuta meza ndefu na watatu wamejibana pembeni, wanapiga kelele kwamba hakuna nafasi. Anawajibu kwamba nafasi ipo tele, na anakaa. Anaulizwa kitendawili: kwa nini kunguru anafanana na meza ya kuandikia? Anafikiri, anahangaika, mwisho anatoa mji. Naye Mtengeneza Kofia aliyetega, anapoulizwa jibu, anasema hana hata fununu. Alice anawaambia wazi kwamba wangeweza kuutumia muda vizuri zaidi kuliko kuupoteza kwa vitendawili visivyo na majibu. Baadaye anaambiwa aongeze chai. Anasema hajanywa hata tone, kwa hiyo hawezi kuongeza. Mtengeneza Kofia anamjibu kwamba asichoweza ni kupunguza, maana kuongeza juu ya si kitu ni rahisi sana. Huyo ni mwalimu wa hisabati akicheza na watoto, na mchezo una ukweli ndani yake. Mtoto anayesoma pale anasimama kidogo, anahesabu kichwani, kisha anacheka.

Au mchukueni yule njiwa. Alice amekula uyoga, shingo yake imerefuka hadi juu ya miti, na njiwa anamwona anapaza sauti: nyoka! Alice anasema yeye ni msichana. Njiwa anamuuliza kama amewahi kula mayai. Alice ni mkweli, anakubali kwamba wasichana hula mayai kama nyoka. Basi, anasema njiwa, kama ni hivyo wasichana nao ni aina ya nyoka. Alice anabaki kimya dakika moja au mbili, maana wazo hilo ni jipya kabisa kwake. Mimi naupenda ukimya huo kuliko mapigano yoyote niliyoyaona kwenye skrini. Mtoto amekutana na hoja ambayo anajua ina kasoro, lakini haoni kasoro iko wapi. Kila mmoja wetu amewahi kuwa hapo, na wengine hatujatoka.

Kuna Kiwavi pia, amekaa juu ya uyoga na kiko chake, anayemuuliza Alice: wewe ni nani? Alice anajibu kwamba hajui vizuri kwa wakati ule. Asubuhi alipoamka alijua, lakini tangu hapo amebadilika mara nyingi. Kiwavi hamsaidii. Anamuuliza tena na tena, na Alice anapolalamika kwamba kimo cha inchi 3 ni duni, Kiwavi anakasirika na kujinyoosha wima, kwa sababu yeye mwenyewe ana inchi 3 kamili. Swali la nafsi limeachwa wazi. Hakuna anayelijibu mpaka kitabu kinakwisha.

Katika filamu, Alice ana miaka 19. Amesahau kwamba aliwahi kufika kule utotoni. Kiwavi, kwa sauti nzito ya marehemu Alan Rickman, anamuuliza swali lilelile la nani, lakini sasa swali lina jibu tayari. Wenyeji wana hati ya kale ya unabii inayoonyesha kila siku tangu mwanzo wa dunia yao, na ndani yake amechorwa msichana mwenye upanga akilichinja joka. Kinachotafutwa ni kujua kama huyu aliyekuja ndiye Alice yule aliyeandikwa. Swali zuri kuliko yote katika fasihi ya watoto limegeuzwa kuwa ukaguzi wa vitambulisho.

Najua kwa nini walifanya hivyo. Burton mwenyewe alieleza wakati ule kwamba matoleo ya awali hayakumgusa, kwa kuwa aliona ni msichana anayetangatanga kutoka kwa kichaa mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo yeye na mwandishi wa skripti, Linda Woolverton, wakatafuta mstari wa kumvuta mtazamaji: adui, silaha, siku ya mapambano, ushindi. Naheshimu ugumu wa kazi yao. Lakini kutangatanga ndiko kulikokuwa kitu chenyewe. Alice anamuuliza Paka wa Cheshire ashike njia ipi. Paka anamwambia inategemea anataka kufika wapi. Alice anasema hajali sana. Basi, anasema Paka, haijalishi unashika njia ipi. Mtoto huishi siku zake nyingi hivyo, akitembea katika dunia ya watu wazima ambayo sheria zake hakuzitunga, hakuelezwa, na zinabadilika kila anapogeuka. Ukimpa hati yenye ramani na mwisho wake, umemnyang'anya hiyo hali. Na jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba filamu inataka tuamini Alice anajifunza kujiamulia maisha yake. Anamkataa mchumba aliyechaguliwa na wakubwa, sawa. Lakini kule chini ya ardhi anafanya hasa kile kilichoandikwa kwenye hati, siku ileile, kwa upanga uleule.

Sasa nifike mahali ambapo, kwangu mimi, filamu ilianguka kabisa.

Mnamkumbuka Malkia wa Kopa wa kitabuni, ambaye katika filamu nafasi yake ameichukua Malkia Mwekundu, na amri yake: mkateni kichwa! Katika kitabu anaitoa kila mara, kwa kila mtu, kwa kila kosa. Mtoto anayesoma huogopa kidogo mwanzoni. Kisha anaambiwa na Gryphon siri ambayo wenyeji wote wanaijua: hakuna anayekatwa kichwa, yote ni mawazo ya Malkia tu. Mfalme anapita nyuma yake kimyakimya akisamehe watu. Na pale Paka wa Cheshire anapojitokeza kichwa peke yake hewani, linazuka jambo zuri sana. Mnyongaji anasema huwezi kukata kichwa kisicho na kiwiliwili cha kukikatia. Mfalme anasema chochote chenye kichwa kinaweza kukatwa kichwa. Malkia anasema jambo lisipotatuliwa mara moja atawanyonga wote. Amri kali kuliko zote katika nchi imekwama kwenye mjadala, na kabla hawajaumaliza Paka ameshapotea. Carroll anamfundisha mtoto kwamba ukali wa mtawala mara nyingi ni sauti tu, na kwamba swali dogo linaweza kuuzuia.

Katika filamu vichwa vinakatwa kweli. Alice anavuka handaki la ngome ya Malkia kwa kukanyaga vichwa vinavyoelea majini, kutoka kimoja hadi kingine. Nakiri kwamba filamu haikusahau kabisa mchezo wa Paka, maana yeye ndiye anayechukua nafasi ya Mtengeneza Kofia siku ya kunyongwa na kuyeyuka shoka likishuka. Lakini ngojeni mwisho. Uwanja wa vita ni kama ubao wa sataranji, majeshi mawili yanatazamana, Alice amevaa deraya ya fedha, joka linaunguruma kwa sauti ya Christopher Lee. Picha ni ya fahari. Alice anaruka juu, anainua upanga, na maneno anayoyatamka wakati wa kushusha pigo ni yale ya Malkia. Anasema kichwa kikatwe, na kichwa kinakatika, kinaviringika ngazini.

Nilikaa pale gizani nikashindwa kuamini. Maneno ambayo kitabu kizima kiliyageuza kuwa hewa tupu yamepewa mtoto, na mikononi mwake yamekuwa kweli. Alice wa Carroll alimshinda Malkia kwa kukataa kumwogopa. Alice wa filamu anashinda kwa kuwa mkataji bora zaidi. Hakuna aliyekusudia ubaya, nina hakika. Ni mkondo tu wa filamu za mapambano uliozoa kila kitu njiani, na waliokuwa wakisimamia picha hawakuwa wakisikiliza maneno.

Vivyo hivyo kwa yale mambo sita yasiyowezekana. Katika kitabu cha pili, Alice anamwambia Malkia Mweupe kwamba mtu hawezi kuamini mambo yasiyowezekana. Malkia anamjibu kwamba hana mazoezi ya kutosha. Yeye alipokuwa na umri wa Alice alifanya mazoezi nusu saa kila siku, na kuna siku aliamini mambo sita yasiyowezekana kabla ya kifungua kinywa. Ni mabishano kati ya mtoto mwenye akili timamu na mtu mzima mwenye vituko, na msomaji anaachwa aamue. Filamu imeyachukua maneno hayo ikayaweka mdomoni mwa baba yake Alice kama wosia, na Alice anayahesabu moja baada ya jingine katikati ya vita ili ajitie nguvu. Utani umekuwa kaulimbiu.

Na Carroll alikuwa ameshawaonya watu wa kaulimbiu. Ndani ya kitabu kuna yule mke wa mtawala, Duchess, anayemshika Alice mkono na kumwambia kwamba kila kitu kina mafunzo, ilimradi uyatafute. Halafu anatoa mafunzo juu ya haradali, juu ya ndege, juu ya chochote, huku kidevu chake chenye ncha kikimchoma Alice begani. Watoto wa Uingereza wa wakati ule walilishwa mashairi ya kukariri juu ya bidii na utii. Alice anajaribu kulisema moja, lile la Isaac Watts juu ya nyuki mchapakazi, na linatoka mdomoni mwake likiwa la mamba anayewakaribisha samaki wadogo kwa tabasamu. Kitabu hiki kilimpa mtoto likizo ya kufundishwa. Filamu imekatisha likizo hiyo. Alice anarudi juu ardhini, anasimama mbele ya wageni waalikwa, anampa kila mmoja wosia wake kwa zamu, kisha anaondoka kwenda kufungua biashara na Uchina.

Nimeshasikia pingamizi, na ni la haki: filamu si kitabu, na mazungumzo marefu huichosha skrini. Jibu langu ni kutaja waliojaribu. Filamu ya kwanza kabisa ya hadithi hii ilitengenezwa Uingereza mwaka 1903 na Cecil Hepworth na Percy Stow. Ilikuwa bubu, ya dakika chache tu, na Paka wa Cheshire aliigizwa na paka wa nyumbani kwa akina Hepworth. Hata hao, bila sauti, walijua kinachotakiwa kionekane ni mtoto anayeshangaa. Mwaka 1966 Jonathan Miller aliitengenezea BBC toleo la rangi nyeusi na nyeupe. Waigizaji hawakuvaa vichwa vya wanyama. Wanaonekana watu wazima wa kawaida wa zama za Victoria wakizungumza maneno ya Carroll, muziki ni wa Ravi Shankar, na uzito wa ndoto upo wote. Mwaka 1988 Jan Švankmajer, huko Chekoslovakia, alitumia msichana mmoja na vikaragosi: sungura aliyekaushwa anayevujisha unga wa mbao kifuani, soksi zinazogeuka viwavi. Filamu yake ni ya kutisha, na katika mambo mengi iko mbali na kitabu kuliko ya Burton. Hata hivyo anayetafuta akili ya kitabu ataikuta, kwa sababu msichana anabaki mdadisi, na dunia inabaki haina maelezo. Hawa wote walikuwa na fedha kidogo sana. Walichokuwa nacho ni masikio.

Na picha zinaweza kubadilishwa kabisa bila hadithi kudhurika. Kiswahili chenyewe ni shahidi. Mwaka 1940 kitabu hiki kilitoka kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na michoro ilimwonyesha Elisi akiwa binti wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alikitafsiri upya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Sura ya msichana imebadilika, mabishano yake yamebaki, na ukisoma unamtambua mara moja.

Pingamizi la mwisho ndilo zito zaidi, na limeletwa kwangu na watu ninaowaheshimu. Wanasema: angalau filamu imempa msichana upanga. Binti zetu wamemwona msichana akiongoza jeshi, na hilo si dogo. Nakubali si dogo. Ila naomba tumtazame Alice wa miaka 7 ndani ya mahakama, katika sura mbili za mwisho. Kesi ni ya wizi wa maandazi. Mfalme ndiye hakimu, shahidi anatishwa, wazee wa baraza wanaandika majina yao wasije wakayasahau. Alice ameanza kurefuka bila kula wala kunywa chochote. Mfalme anasoma katika daftari lake kanuni ya 42: yeyote mwenye kimo cha zaidi ya maili moja atoke nje. Alice anasema yeye hana kimo cha maili moja. Tena anasema kanuni hiyo Mfalme ameitunga sasa hivi. Mfalme anasema ni kanuni ya kale kuliko zote kitabuni. Basi ingekuwa namba moja, anasema Alice. Mfalme anageuka rangi na kulifunga daftari haraka. Malkia anataka adhabu itangulie, uamuzi ufuate. Alice anasema kwa sauti kwamba huo ni upuuzi. Malkia anamwamuru anyamaze. Anakataa. Malkia anaagiza akatwe kichwa, na hakuna anayesogea. Ndipo anawaambia wote, Mfalme, Malkia na askari wao, kwamba wao si chochote ila karata.

Huyo hana upanga. Hana unabii wala deraya, na hakuna aliyemwambia kwamba ndiye. Ana miaka 7 na amesikiliza kwa makini kilichosemwa, akaona hakilingani. Ushujaa huo binti yeyote anaweza kuuanza kesho asubuhi darasani.

Na kama kuna onyesho ambalo lingefaidika na fedha zile na mafundi wale, ni hili: mtoto anayekua kimo kwa kila hoja anayoitoa, kuta za mahakama zikisogea nyuma, wazee wa baraza wakidondoka kutoka kwenye viti vyao kwa upindo wa sketi yake, na mwishowe karata zote zikiruka hewani na kumwangukia. Bonham Carter angekuwa Malkia wa ajabu katika kesi ile. Mia Wasikowska, aliyemwigiza Alice kwa utulivu ambao filamu haikujua kuutumia, angeweza kuyasema maneno yale hata akiwa na miaka 19. Maandazi yaliyoibwa yamo kwenye filamu, katika kichekesho kifupi cha chura anayehukumiwa papo hapo, na hapo ndipo yanapoishia. Kesi haimo.

Asanteni kwa kunisikiliza. Tuna muda wa maswali, na wanaoipenda filamu hii ningependa wasimame kwanza.